Sura ya Sita: Hatima ya Ndege wa Mbali Imo Vichakani mwa Mto

Kila mwaka, kati ya Julai na Desemba, ndege kwa mamilioni huihama Ulaya na Asia ya kaskazini na kushuka kusini kuikimbia baridi. Wale wapitao upande wa mashariki huvuka Bara Arabu na Pembe ya Afrika, kisha huingia Kenya na Tanzania wakati mvua za vuli zinapoanza kunyesha. Vitabu vingi kuhusu ndege hawa vimeandikwa huko wanakotaga, na ndiyo maana msomaji hubaki akidhani kwamba maisha yao ya kweli yako huko, na kwamba huku kwetu wanangoja tu majira yageuke. Sura hii inashikilia jambo jingine. Hatima ya ndege hawa huamuliwa kwetu sawasawa na kwao, na mahali inapoamuliwa zaidi ni ule ukanda mwembamba wa miti na vichaka unaoandamana na mto katika nchi kavu. Kwa hiyo mtu anayetembea njia ya kando ya mto miezi ya vuli, akitazama na kuandika, anafanya kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kumfanyia. Ushahidi wa madai hayo upo, na mapingamizi dhidi yake yapo. Tuanze na ushahidi.

Chukua mto mmoja tu. Athi unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Tsavo unateremka kutoka upande wa Kilimanjaro na kuongezewa maji na chemchemi za Mzima. Mito hiyo miwili hukutana katika nyika ya Tsavo ikawa Galana, na Galana ukikaribia pwani watu huuita Sabaki, mpaka unapoingia baharini kilomita chache kaskazini mwa Malindi. Sehemu kubwa ya safari yake inapita katika nyika ya miti ya miiba ambayo, kufikia Septemba na Oktoba, imepukutika majani na kubaki vijiti vitupu. Kijani kinachobaki ni kile cha kingo: migunga, mikwaju, mikoma, miswaki na vichaka vilivyofungamana chini yake. Ndege aliyesafiri usiku kucha kutoka kaskazini, akiangaza chini alfajiri, haoni mahali pengi pa kutua. Anaona mstari huo mmoja wa kijani. Hapo ndipo kuna wadudu, kivuli, maji na mahali pa kujificha mwewe asimwone.

Kwamba ndege hao wapo kweli, na kwa wingi usiotarajiwa, tulithibitishiwa katika vilima vya Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Mwaka 1969 ilifunguliwa huko hoteli ya watalii yenye taa kali za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Ikaonekana kwamba usiku wa Novemba na Desemba, mwezi ukiwa haupo na ukungu umetanda, ndege wadogo waliokuwa wakipita juu gizani walivutwa na mwanga huo na kushuka kwa maelfu. Kuanzia mwaka huohuo wataalamu na watu wa kujitolea, Graeme Backhurst na David Pearson wakiwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo kwa miaka mingi, wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwapima, kuwavisha miguuni pete nyepesi zenye namba na kuwaachia waendelee na safari. Waliovishwa pete wamefika mamia ya maelfu. Kabla ya hapo, mtu aliyezunguka Tsavo mchana angeweza kuapa kwamba wahamiaji hao ni wachache. Ngulia ilionyesha kwamba mto mzima wa ndege hupita juu ya vichwa vya watu waliolala. Pete zilizopatikana baadaye Arabuni na katika nchi za kaskazini zilionyesha pia wanakotoka. Lakini ukungu na taa vinatueleza nani anapita. Havituelezi kulipokucha alikwenda kula wapi. Jibu la swali hilo haliwezi kupatikana penye taa. Linapatikana kwa miguu, vichakani.

Mmoja wa wanaonaswa kwa wingi Ngulia ni ndege mdogo wa kahawia asiye na pambo lolote, mwenye uzito wa gramu 12 hivi. Wanasayansi humwita Acrocephalus palustris, nami nitamwita palustris. Huondoka Ulaya Julai na Agosti, hukaa kwa muda Sudan na Ethiopia, hupita Kenya Novemba na Desemba, humalizia safari yake kusini-mashariki mwa Afrika katika nchi kama Malawi, Zambia na Msumbiji, kisha hurudi na kufika Ulaya mwishoni mwa Mei. Ukihesabu miezi hiyo, nchi anakotaga humpata kwa robo ya mwaka hivi. Robo tatu zilizobaki yuko njiani au yuko Afrika. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi alioufanya Ubelgiji kuhusu wimbo wa ndege huyu. Palustris huiga sauti za ndege wengine na kuziunganisha kuwa wimbo wake. Dowsett-Lemaire alikuta kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu ya hizo ni ndege wa Afrika. Tena huzikusanya sauti hizo katika mwaka wake wa kwanza, yaani katika safari yake ya kwanza kupitia kwetu. Dume anayesimama kwenye matete ya Ubelgiji na kumwita jike wake anamwitia sauti alizojifunza katika vichaka vya Afrika. Hata kizazi chake cha kule kinaanzia huku.

Atakayesema kwamba wimbo ni pambo tu, na kwamba uhai wa ndege unategemea mambo mengine, atazame mwaka wa 1969 kwa upande mwingine. Huko Uingereza, watu waliokuwa wakihesabu ndege mashambani walikuta majira ya kuchipua ya mwaka huo kwamba ndege mdogo mwenye koo jeupe, Curruca communis, amepungua kwa takriban robo tatu akilinganishwa na mwaka uliotangulia. Mashamba yalikuwa yaleyale, nyua za miti zilikuwa zilezile. Chanzo kilipatikana mbali: ukame ulioikumba Sahel, ambako ndege hao wa Uingereza hukaa miezi ya baridi. Walikwenda wengi, wakarudi wachache. Ushahidi wa pili uko karibu zaidi nasi. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2011, ndege wa aina mbili walichelewa kufika Ulaya ya kaskazini: mbwigu mwenye mgongo mwekundu, na Luscinia luscinia, mwimbaji wa kahawia anayejificha chini kabisa ya vichaka. Watafiti waliokuwa wamewafunga ndege wa aina hizo vifaa vidogo vya kurekodi safari walieleza sababu katika jarida la Science mwaka 2012. Pembe ya Afrika ilikuwa na ukame mkali, na ndege hao walilazimika kukaa huko muda mrefu zaidi kabla ya kupata mafuta ya mwilini ya kutosha kuendelea. Ukame huo ndio uliowaangamizia mifugo wafugaji wa Somalia na kaskazini mwa Kenya. Aina hizo mbili zote ni za kawaida Tsavo mwezi wa Novemba, na Luscinia husikika akiimba asubuhi ndani ya vichaka ambavyo jicho haliwezi kupenya.

Ukiunganisha mambo hayo unapata kanuni rahisi. Ndege wa safari ndefu hushindwa pale asipopata chakula cha kutosha kabla ya hatua inayofuata ya safari, na katika nchi kavu chakula hicho hupatikana kwanza kando ya mto. Mvua za vuli zikishaanza, nyika yote hufunguka. Kumbikumbi huruka, na juu yao hukusanyika teleka, keremkeremu na kozi wadogo waliotoka Asia ya mashariki wakivuka Bahari ya Hindi. Lakini mvua haiji kwa tarehe. Ikichelewa wiki tatu, ndege aliyekwisha kufika hana nyika ya kumlisha. Ana kingo za mto tu. Mswaki, mti tunaoukata kusafishia meno, huzaa matunda madogo ambayo ndege wengi wahamiaji hula ili kujinenepesha kabla ya kuvuka majangwa. Migunga huchanua na kuita wadudu. Kichaka kilichofungamana, ambacho mpita njia hukiona kuwa pori lisilo na kazi, ndicho ghala. Ndiyo maana ninamsihi anayetazama ndege kando ya mto asiyakazie macho maji peke yake. Korongo na bata huonekana vizuri, na watu huwafurahia kwa haki, lakini habari kubwa ya vuli iko nyuma yao, kwenye majani.

Mto ukifika baharini habari hubadilika sura bila kubadilika maana. Kwenye mlango wa Sabaki kuna tope, michanga, matuta ya mchanga na vidimbwi vinavyojaa na kukauka kwa maji kupwa na maji kujaa. Kuanzia Agosti hufika hapo vitwitwi waliotaga kwenye nyanda za barafu za Siberia na wengine waliotaga Asia ya kati, na mawingu ya shakwe na buabua hutua kupumzika. Wengi wa vitwitwi wachanga hubaki pwani yetu mwaka wao wote wa kwanza, wasirudi kaskazini hata wakubwa wao wanapoondoka. Na mahali hapohapo, kati ya Aprili na Septemba, huja kutoka upande wa pili kabisa Glareola ocularis, ndege anayetaga Madagaska peke yake na kuikimbilia pwani ya Afrika Mashariki baridi ya kusini inapoingia. Mlango mmoja wa mto unahudumia Siberia na Madagaska kwa zamu. Kinachouwezesha kufanya hivyo ni tope, na tope hilo limeteremka kutoka bara. Hapa pana jambo la kupimwa kwa uangalifu. Udongo unaoteremka ukiwa wa kiasi hulisha minyoo na kaa ambao vitwitwi huwachokoa. Ukizidi, kwa sababu kingo za juu zimefyekwa na kulimwa hadi majini, hugeuza bahari ya Malindi kuwa nyekundu na kufukia vidimbwi vilevile. Anayetembea mlangoni mwa Sabaki anasoma matokeo ya kilichofanyika mamia ya kilomita juu yake.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia likitolewa kwa nguvu ni hili: kama ndege wanataga Ulaya na Asia, na kama nchi hizo ni tajiri, basi nchi hizo ndizo ziwatunze. Sehemu ya hoja hii ni kweli. Kilimo cha dawa nyingi na mashine kubwa kimewaondolea ndege wa Ulaya mahali pa kutaga, na hakuna kichaka cha Tsavo kinachoweza kufidia hilo. Lakini takwimu hazituruhusu kuishia hapo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu aina 121 za ndege wa Ulaya wanaohamia mbali ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamepungua tangu mwaka 1970, na kwamba hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya ndege wanaobaki Ulaya mwaka mzima. Kama tatizo lingekuwa mashamba ya Ulaya peke yake, wakazi wangeumia sawa na wasafiri. Tofauti kati yao ni safari, na safari inapita kwetu. Hili lilikwisha kukubaliwa kisheria: Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979 kuhusu wanyama wanaohama unazihesabu nchi zote za njiani kuwa na wajibu, na Kenya na Tanzania zote zimejiunga nao.

Pingamizi la pili linahusu mtazamaji mwenyewe. Linauliza: maandishi ya mtu asiye mtaalamu yana thamani gani? Anaweza kukosea jina, anaweza kutia chumvi, anaweza kuandika ndege adimu tu na kuwaacha wa kawaida. Hatari hizo zipo, na dawa yake ni utaratibu. Pita njia ileile, saa zilezile za asubuhi, kwa mwendo uleule, na uandike muda uliotumia na hali ya hewa. Andika wote uliowatambua, tetere na shore wakiwemo. Usiyemtambua mwandike kwa kiwango unachoweza kukitetea: ndege wa kundi la palustris wanafanana mno, na mtu mkweli akiwaona porini kwa sekunde mbili huandika jina la kundi na kuishia hapo. Muhimu kuliko yote, andika pia asubuhi ambayo hukuona mhamiaji hata mmoja, kama mwenye duka makini anavyoandika siku isiyokuwa na mauzo. Bila siku hizo haiwezekani kujua kama ndege wamepungua au kama mtazamaji alikaa nyumbani. Mradi wa Kenya Bird Map umejengwa juu ya msingi huo. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upana wa kilomita tisa hivi, na mtazamaji huorodhesha aina zote alizokuta katika mraba mmoja kwa saa mbili au zaidi, ndani ya siku zisizozidi tano. Orodha moja haithibitishi chochote. Orodha za watu wengi, mwaka baada ya mwaka, huonyesha ndege wanaofika, wanaochelewa na walioacha kuja. Na tukumbuke kwamba anguko la mwaka 1969 kule Uingereza liligunduliwa kwa sababu kulikuwa na watu wa kawaida waliokuwa wakihesabu katika viwanja vilevile kila mwaka. Sisi tukipatwa na anguko la namna hiyo kwenye Galana, ni nani atakayekuwa na hesabu ya mwaka uliotangulia?

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo ni la mkulima. Ukingo wa mto ndipo penye udongo wenye rutuba na maji ya kumwagilia; mtu mwenye watoto wa kulisha ataambiwaje aache ekari ya mboga kwa ajili ya ndege wa gramu 12? Nisingethubutu kumwambia hivyo kama faida ingekuwa ya ndege peke yake. Lakini mizizi inayomficha palustris ndiyo inayoshika udongo wa shamba. Ukingo ukifyekwa, mafuriko ya vuli huumega, na shamba lililosogezwa hadi majini ndilo linalotangulia kuondoka. Udongo mwekundu unaoonekana baharini Malindi ni mashamba ya watu yaliyokwenda. Sheria zenyewe zilitungwa kwa kulinda maji na ardhi kabla ya kumfikiria ndege: Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto kulingana na upana wake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Ukanda huo ukiachwa na vichaka vyake, unamtosha ndege wa safari na haumnyang'anyi mkulima shamba zima. Kinachokosekana ni utekelezaji, na utekelezaji ni mgumu pale ambapo hakuna anayejua ukanda huo una nini. Orodha ya mtazamaji ni mojawapo ya hati chache zinazoweza kuwekwa mezani mbele ya afisa wa maji au mkutano wa kijiji kuonyesha kwamba pori hilo lina kazi.

Lipo pia pingamizi linalosemwa kwa chini chini, kwamba kutazama ndege ni burudani ya watalii wenye darubini za bei kali. Darubini inasaidia, na hata ya bei ya chini inatosha kwa kazi nyingi. Lakini vuli ya kando ya mto husikika kabla haijaonekana. Luscinia na palustris wote hujulikana kwa sauti, na sikio lililokulia katika nyika lina faida kubwa juu ya mgeni aliyeshuka jana kutoka ndege ya abiria. Mchungaji wa Galana na mvuvi wa Sabaki wanapita njia hizo kila siku, na wanajua mambo ambayo mgeni hulipa ili ayajue: kiboko hutoka wapi alfajiri, mamba huota jua wapi, tembo hushuka saa ngapi kunywa. Asiyejua hayo hana haki ya kutembea kingo hizo peke yake, hata awe na vifaa vya namna gani. Kinachowakosesha wenyeji wa kingo hizo nafasi ni kwamba hakuna aliyewaomba waandike wanachokijua. Shule iliyo karibu na mto ikiwa na daftari moja la Oktoba hadi Desemba, likijazwa kila Jumamosi na wanafunzi wakiongozwa na mtu anayeijua njia, ndani ya miaka kumi itakuwa na rekodi ambayo hakuna chuo kikuu cha kaskazini kinachoweza kuinunua.

Hukumu yangu basi ni hii. Nusu moja ya habari za ndege hawa imeandikwa kwa ukamilifu mkubwa, kwa sababu kule wanakotaga kuna watu wanaowahesabu kila mwaka. Nusu ya pili, inayochukua sehemu kubwa zaidi ya maisha yao, iko kwenye kingo za Athi, Tsavo, Galana, Sabaki na mito mingine kama hiyo, na sehemu kubwa yake haijaandikwa. Kingo hizo zinafyekwa leo. Ewe msomaji unayeishi karibu na mto wowote wa nchi kavu, chagua kipande cha njia unachoweza kukipita asubuhi moja kila wiki mvua za vuli zinapokaribia. Andika tarehe, saa, wote uliowaona na wote uliowasikia, na uandike pia asubuhi usipoona kitu. Fanya hivyo mwaka huu, na mwakani upite tena palepale.